Kurudi Dar baada ya kituo cha nje: mwongozo kwa familia ya mwanajeshi

Familia ya mwanajeshi inapokwenda nje, mzazi akiwa mwambata jeshi ubalozini au yuko kwenye kozi ndefu, huandaliwa kwa kila kitu: viza, shule, nyumba, chanjo, mpaka makoti ya baridi. Ikirudi, hakuna anayeiandaa. Kuanzia kikosini mpaka kwa shangazi Temeke, kila mtu huona kwamba mnarudi kwenu, na kwenu mnakujua. Shida huanzia hapo. Laini ya simu imefungwa, luku haipokei tokeni, posho ya nje imekatika mwezi uleule ada zinapodaiwa, na mtoto aliyeondoka na miaka minne amerudi na minane akiwa hajui kwamba saa mbili asubuhi kwa Kiswahili ndiyo ile aliyozoea kule kuiita saa nane. Ichukulieni Dar kama kituo kipya. Anzeni kujipanga miezi sita kabla, na mjue kipi kinatangulia kipi.

Shule ndiyo inayopanga tarehe

Wengi huanza na kontena. Kontena linaweza kusubiri, mtihani wa taifa hausubiri. Mwaka wa masomo hapa huanza Januari, wakati Ulaya, Marekani na China huanza Agosti au Septemba. Mtoto anayefika Julai huingia muhula wa pili, katikati ya mwaka. Kwa darasa la pili au la tano hilo halina madhara makubwa. Kwa madarasa ya mtihani, yaani la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita, ni hatari, kwa sababu watahiniwa husajiliwa mapema. Mtoto anaweza kukubaliwa darasani, akavaa sare, akasoma miezi minne, kisha jina lake likakosekana kwenye orodha ya Baraza la Mitihani. Kabla ya kulipa hata shilingi, muulizeni mkuu wa shule swali moja: mtoto huyu atasajiliwa mwaka gani, na kwa masharti gani? Jibu mlipate kwa maandishi.

Kwa sekondari, jaribuni afike kabla ya kidato cha tatu kuanza Januari. Akichelewa hapo atakuwa anakimbizana na miaka miwili ya masomo ambayo wenzake wameshasoma. Kumrudisha darasa moja nyuma si aibu, na kwa mtoto wa miaka kumi na nne aliyesahau Kiswahili mara nyingi ndiyo nafuu. Mwelezeni mkiwa bado nje, asije akaisikia habari hiyo siku ya kwanza ya shule mbele ya wenzake.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza kwa pamoja. Mwenye mtoto wa rika hilo atafute nafasi ya kidato cha kwanza mapema kuliko kawaida, maana makundi mawili yatakuwa yanagombea madawati ya kundi moja. Fahamuni pia kwamba somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na mtihani wa kumaliza msingi una karatasi ya Kiswahili. Shule ya mchepuo wa Kiingereza haimwepushi mtoto na lugha yake.

Shule za mtaala wa Cambridge hupokea mtoto aliyetoka nje bila misukosuko mingi, ila zina gharama. Kosa linalojirudia ni kumwingiza huko kwa mwaka mmoja "wa kuzoea", kisha fedha zikiisha anahamishiwa mtaala wa taifa. Hapo mtoto anahama mara mbili badala ya moja. Pigeni hesabu ya ada mpaka mwaka wake wa mwisho. Kama haifiki, anzeni na mtaala wa taifa.

Karatasi za kutoka nazo huko: ripoti za miaka miwili mfululizo, barua ya uhamisho yenye muhuri, na maelezo ya masomo aliyosoma kila mwaka. Zilizoandikwa Kichina, Kituruki au Kiarabu zitafsiriwe na kuthibitishwa ubalozini kabla hamjaondoka. Kuzifuatilia kutoka Dar ni kazi ya miezi. Vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani kwa ajili ya ulinganishi, vya ufundi na stashahada NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), vya shahada TCU (tume ya vyuo vikuu). Hili linamhusu pia mwenza aliyesoma huko, kwa sababu mwajiri atakidai cheti cha ulinganishi kabla ya kukitazama cheti chenyewe.

Mzigo: cha kupakia na cha kuacha

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na plagi ya pini tatu bapa. Geuzeni kila kifaa msome lebo. Ikiandikwa 100–240V, kama chaja za simu na kompyuta mpakato nyingi, kinatakiwa plagi tu. Ikiandikwa 120V, kama pasi, blenda, mashine ya kukaushia nywele na kikaango cha umeme vinavyotoka Marekani, kigaweni hukohuko. Transfoma ya kubeba pasi ya wati 1,500 ni nzito kuliko pasi na bei yake haina maana. Friji na mashine ya kufulia ya hezi 60 hata ikiwekewa transfoma, mota yake huzunguka polepole, hupata joto na hufa mapema. Vya China na India huwa vya volti 220 au 230, havina shida hiyo.

Kuna vitu vinavyoonekana vya kawaida kule na hapa ni kesi. Cha kwanza ni nguo za mabakamabaka. Watoto wa nje huvaa suruali, kofia na mabegi ya kombati kama fasheni, na hapa raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi (JWTZ) lilitoa siku saba wanaozimiliki wazisalimishe. Kuwa mtoto wa afande hakubadilishi kitu, na kunaweza kumtia aibu mzazi wake kazini. Cha pili ni droni, hata ile ya kuchezea yenye kamera: inahitaji kibali, na bila kibali itaishia uwanja wa ndege. Cha tatu ni mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyopigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Msifungie viatu humo ndani ya masanduku.

Kuhusu ushuru, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa msamaha kwa anayehamisha makazi, kwa vitu vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia. Mambo matatu ndiyo huwaangusha watu:

- Muda. Mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu mwenye nao alipowasili. Ukichelewa, nyongeza ya muda inaombwa kwa Kamishna, na ni hiari yake.
- Gari. Ni moja, na liwe limemilikiwa na kutumiwa nje na mhusika mwenyewe kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu muda wa melini. Gari lililonunuliwa miezi mitatu kabla ya kurudi halina msamaha. La zamani sana nalo huongezewa ushuru wa uchakavu. Na ukiliuza kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa.
- Majina na orodha. Jina kwenye hati ya shehena lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Orodha iseme "sahani 24, zilizotumika, boksi namba 7", si "vyombo". Simu kumi mpya ndani ya boksi la mashuka huifanya forodha iutazame mzigo wote kama bidhaa.

Mpeni wakala wa forodha nakala za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, barua ya kumaliza kituo, TIN (namba ya mlipakodi), hati ya shehena na orodha kabla meli haijatia nanga. Siku za bure bandarini ni chache. Baada ya hapo mnalipia uhifadhi, na mnalipia pia kukaa na kontena la kampuni ya meli.

Makaratasi: moja hufungua jingine

Mpangilio ni huu: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), laini ya simu, benki na pesa ya mtandao, TIN, leseni. Ukiruka hatua, utarudishwa dirishani.

Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Huyo mwingine ndiye atakayepokea ujumbe wa siri wa benki yenu. Kwa hiyo, mara laini mpya ikipatikana, safari ya kwanza ni benki kubadilisha namba, kabla ya kwenda kusalimia. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ifungishe.

Mtoto aliyetimiza miaka 18 mkiwa nje hana NIDA. Atahitaji cheti cha kuzaliwa, namba za wazazi, na barua ya serikali ya mtaa, na barua hiyo hutoka kwa mwenyekiti anayewajua. Ndani ya wiki ya kwanza nendeni mkajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni dakika kumi, na itawaokoa mara nyingi.

Pasipoti ya kidiplomasia au ya utumishi hurudishwa kituo kikiisha, za watoto pamoja. Ombeni za kawaida mapema, zisije zikahitajika ghafla kwa matibabu au msiba. Leseni ya udereva ni ya miaka mitano. Kama iliisha mkiwa nje, msiendeshe kwa kutegemea leseni ya kigeni mkidhani trafiki wa Mwenge ataelewa.

Mtoto aliyezaliwa nje kwa baba au mama Mtanzania ni raia kwa kurithi. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo mwenye uraia wa kule kwa kuzaliwa atatakiwa kuukana akitimiza miaka 18 ili abaki Mtanzania. Hapa wengi huchanganya: Marekani haimpi uraia mtoto wa mwambata aliye kwenye orodha ya wanadiplomasia, lakini mtoto wa afisa aliyekwenda kozi akazaliwa hapohapo amekuwa akiupata. Jueni wa kwenu yuko upande gani mapema, si akiwa kidato cha sita.

Nyumba iliyokaa bila mwenyewe

Anayerudi kota za jeshi aruke sehemu hii. Mwenye nyumba yake, mkataba wa mpangaji uishe miezi miwili kabla ya kufika, mafundi wapate nafasi.

Luku kwanza. Mwaka 2024 mita zote zililazimika kusasishwa kabla ya Novemba 24. Kama nyumba ilikuwa imefungwa, mita yenu haikusasishwa, na tokeni ya kawaida haitapokelewa. Mnaponunua umeme hutolewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ni ya kusasisha, la tatu ndilo la uniti. Ingizeni kwa mpangilio huo, moja baada ya jingine. Ikigoma, ni kazi ya TANESCO, msimwite fundi wa mtaani afungue mita. Kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Miezi 24 bila kununua ni deni la shilingi 36,000, kwa hiyo msishtuke manunuzi ya kwanza yakileta uniti kiduchu.

Simtanki lililokaa na maji miaka miwili lisugueni, mlisuuze, mlijaze, mtie Jik ya asilimia 3.5 kiasi cha lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya dawa isikike, fungeni, acheni usiku kucha, kisha mwageni yote kupitia mabomba. Mkiruka hatua ya mabomba, uchafu uliobaki ndani ya mipira utawarudia jikoni. Ya kunywa bado chemsheni.

Baada ya hapo mwiteni mtu wa mchwa, akague fremu za milango na dari kabla makabati mapya hayajaingia. Nyumba za Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach huliwa na chumvi ya bahari: tazameni misumari ya bati, nondo za madirisha na sehemu ya nje ya kiyoyozi. Mifereji isafishwe kabla ya masika, yaani kabla ya Machi.

Homa

Hapa msibahatishe. Mtu mzima aliyekulia Dar ana kinga kidogo ya malaria kwa sababu aliugua mara kwa mara, na kinga hiyo hufifia akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria. Mtoto aliyekulia nje hana kabisa. Msemo wa "sisi tumeizoea" haufai tena nyumbani kwenu. Homa yoyote, kipimo siku hiyohiyo, si panadol na kusubiri kesho. Ikiwa malaria ya kawaida, dawa ya mseto ni siku tatu: dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge vinne kila dozi, vyote 24. Imezwe na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo mwili huifyonza kidogo. Wengi huacha siku ya pili wakijisikia nafuu, na homa inarudi.

Dar ina dengue pia, na ilituletea milipuko mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi: fukieni makopo na vifuu, badilisheni maji ya vyombo vya maua. Homa yenye maumivu nyuma ya macho na viungo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, isipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kabla daktari hajaiona, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumieni parasetamoli na maji mengi.

Kadi za chanjo za huko zipelekeni kliniki wiki ya kwanza, hospitali ya jeshi ya Lugalo au kituo cha karibu. Semeni wazi kama mtoto alizaliwa Marekani au Uingereza: wengi wa huko hawapewi chanjo ya kifua kikuu ambayo hapa hutolewa anapozaliwa. Na kabla ya kumpeleka kwa babu Geita au Mtwara mwezi Desemba, mkumbuke kwamba malaria ya huko ni kali kuliko ya Dar.

Fedha na ndugu

Miezi mitatu kabla ya kurudi, andikeni mshahara wa shilingi peke yake, bila posho ya nje, kisha muandike chini yake ada, usafiri, luku, maji, chakula, dada wa kazi na michango. Jaribuni kuishi kwa kiasi hicho mkiwa bado nje, walau mwezi mmoja. Hapo ndipo mtaona kama ile shule mliyoichagua inawezekana. Tengeni ada ya mwaka mzima kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu fedha iliyobaki benki ikijulikana ipo itapata mwenyewe. Na akiba ya kigeni ya mkupuo isiingie kwenye kumalizia jengo mwezi wa kwanza. Bei za saruji na nondo mlizoziacha zimebadilika, na fundi ataitambua familia iliyotoka ng'ambo kabla hajashuka kwenye bodaboda. Dola mlizobeba zaidi ya 10,000 zinatakiwa kutamkwa forodhani. Tangu Machi 2025 bei za ndani haziruhusiwi kutozwa kwa fedha za kigeni, hivyo mwenye shule au nyumba anayedai dola anakosea.

Zawadi zipangieni kiasi kimoja, mkigawe kabla ya kupanda ndege. Wanaotangulia ni wazazi wa pande zote mbili na aliyewatunzia nyumba. Badala ya kupokea wageni kila jioni kwa mwezi mzima, tangazeni Jumamosi moja kwenye kundi la ukoo: pilau, watoto waonekane, salamu ziishe. Asiyekuja siku hiyo atakuja siku nyingine, ila hamtapika kila siku. Michango ya harusi itaanza kabla mabegi hayajafunguliwa. Wekeni ukomo wa mwezi, na mumteue mmoja wenu wa kujibu. Mume na mke wakijibu kila mtu kivyake, mnachangia mara mbili.

Watoto

Kiswahili kirudishwe mkiwa bado huko, miezi sita kabla: mezani Kiswahili tu, hata kama mlo utapita kimya. Mfundisheni saa ya Kiswahili na hesabu za fedha; ngeli atazijua shuleni. Mfundisheni kuamkia. Mtoto anayemwambia bibi "hai" badala ya "shikamoo" hana kiburi, hajafundishwa, lakini bibi hatajua tofauti, na lawama zitamwangukia mama. Kupokea kwa mikono miwili, kupiga hodi na kusubiri karibu, kutomwita mtu mzima kwa jina tupu: fanyeni mazoezi nyumbani kama mchezo.

Mwambieni ukweli kuhusu shule. Shule nyingi zinataka nywele fupi, wasichana pamoja. Viboko bado vipo. Kanuni zinaruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kuchapa visivyozidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kitabuni. Nendeni mkaongee na mkuu wa shule kabla, mkiwa na kanuni hiyo kichwani, bila ukali wa kikambi. Mtoto naye ajue amwambie nani ikizidi.

Usafiri afundishwe Jumapili barabara zikiwa nyepesi, na mzazi akiwa naye: mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, daladala ya njia yake ya shule, wapi pa kushukia, nauli mkononi na simu mfukoni.

Wiki za mwanzo huwa za furaha. Mwezi wa tatu mpaka wa sita ndio mgumu: binamu wamechoka kumshangaa, wenzake wanamwita mzungu, na rafiki wa kule ameanza kupunguza kujibu. Akijifungia, akiumwa tumbo kila Jumatatu, akizungumza Kiingereza na mdogo wake tu, msimkemee kwa kukosa shukrani. Mpangieni simu ya kudumu na rafiki wa kule. Jumamosi saa kumi na moja jioni ya Dar ni asubuhi Washington, saa nne au saa tatu kulingana na majira yao. New Delhi ni saa mbili na nusu mbele yetu, Beijing saa tano, kwa hiyo huko pigeni mchana.

Kuna jambo jingine ambalo familia hulisahau. Nje, mwambata au afisa wa kozi hurudi nyumbani jioni karibu kila siku na wikendi huwa yake. Dar kuna lindo, mazoezi, safari za Dodoma iliko wizara, na pengine jukumu la kulinda amani. Watoto wanaweza kuona kwamba kurudi nyumbani ndiko kumewanyang'anya mzazi. Ratiba ya kikosi ikijulikana, iandikeni ukutani kwa tarehe, siku za kuondoka na za kurudi, na kabla ya safari ya kwanza mzazi ampeleke mwenyewe mtoto shuleni walau wiki mbili mfululizo.